Kidonge, mfungo na baraza la jioni: kisa cha malaria katika nyumba ya wamisionari vijana

Wahusika na mazingira

Kisa hiki ni cha vijana wawili wa kiume waliokuwa wakitumikia misheni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Majina, mtaa, mwaka na chochote kinachoweza kuwatambulisha vimeondolewa. Wa kwanza tutamwita Mgeni. Ana miaka 19, uzito wa kilo 72, ametoka sehemu kavu ya magharibi mwa Marekani na hajawahi kuishi penye malaria. Wa pili tutamwita Mkufunzi. Ni Mkenya wa miaka 22, mzaliwa wa nyanda za juu karibu na Mlima Kenya, na alikuwa ameshatumikia mwaka mmoja.

Kwa asiyezijua taratibu za misheni hizi: tangu 2012 mwanamume anaweza kwenda akiwa na miaka 18, hutumikia miezi 24, na nchi hachagui yeye. Wamisionari hukaa wawili wawili, hawaachani mchana wala usiku, na hulala chumba kimoja. Kila wiki sita hivi hutolewa orodha ya uhamisho, na hapo mtu anaweza kubadilishiwa mji au mwenzi. Mpya hukabidhiwa kwa mkufunzi kwa wiki 12 za kwanza. Kibandiko cheusi cha kifuani humwita kila mmoja wao "Mzee", hata kama ndevu hazijaota, na papo hapo ndiye anayetakiwa kumwamkia jirani shikamoo.

Walipanga sehemu ya nyumba, ua mmoja na mama mwenye nyumba. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, feni ya darini na vyandarua viwili walivyovirithi kwa waliotangulia. Mgeni alifika katikati ya Aprili, masika yakiwa yamekolea na madimbwi yamejaa kando ya barabara.

Kinga ya malaria alikuja nayo: vidonge 90 vya doksisaiklini vya miligramu 100, kimoja kwa siku, na maelekezo sahihi ya daktari. Alianza kumeza siku mbili kabla ya kuingia nchini. Dawa ya mbu alikuwa nayo, vyandarua vilikuwepo, na namba ya simu ya kuripoti ugonjwa ilikuwa kwenye simu zote mbili. Aliugua hata hivyo, na tumeandika kisa hiki kwa sababu hiyo.

Siku yao ilivyopangwa

Bila kuijua ratiba, msomaji hataelewa kosa lilipoingilia.

Kuamka ni saa 12:30 asubuhi, kisha mazoezi ya viungo nusu saa, kuoga na kunywa chai. Saa 2 wanaanza kusoma, kila mtu peke yake, halafu pamoja, halafu lugha. Kwenye saa 5 wanatoka kwa miguu au kwa daladala. Chakula kikuu ni cha mchana, kati ya saa 7 na saa 8, kwa mama ntilie au nyumbani. Mchana watu wengi wako kazini, kwa hiyo ziara zenye maana huwa kati ya saa 11 jioni na saa 3 usiku. Saa 3 wanarudi, wanapanga kesho, na saa 4:30 taa zinazimwa.

Jumatatu ni siku ya maandalizi: kufua kwa mkono, kwenda sokoni, kusafisha nyumba, kuwapigia wazazi. Tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kuongea na familia kila wiki, kwa simu ya kawaida au ya video. Jumanne wanakutana na jozi za jirani kwenye baraza la wilaya, yaani kikao cha wamisionari wa eneo lao. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni mfungo, bila chakula wala maji kwa milo miwili, takriban saa 24.

Mfuatano wa matukio

*Siku ya 1 hadi ya 10.* Mgeni alimeza kidonge mara tu alipoamka, kwa mafunda mawili ya maji, akaenda moja kwa moja sakafuni kufanya mazoezi ya tumbo. Siku ya tatu kichefuchefu kilianza, nacho kikaendelea hadi wakati wa chai. Alidhani ni maji au mafuta ya kupikia.

*Siku ya 11 hadi ya 18.* Ngozi ya mikono na shingo iliungua kwa jua, ikawa nyekundu na kuwasha. Ili kukwepa kichefuchefu cha asubuhi alihamishia kidonge usiku, saa 4:30, anakimeza akiwa tayari ameketi kitandani, kisha analala. Baada ya siku nne akaanza kusikia maumivu katikati ya kifua kila anapomeza tonge. Hakumwambia mtu.

*Siku ya 19.* Jumapili ya mfungo. Hakumeza. Kesho yake asubuhi aliamka bila kichefuchefu, na maumivu ya kumeza yalikuwa yamepungua. Hakurudia tena kidonge. Kopo lilibaki rafuni mahali pale pale, na Mkufunzi aliendelea kuliona kila siku.

*Siku ya 34, Jumatatu.* Walifua tangu saa 3 hadi saa 6 juani. Alasiri Mgeni aliumwa kichwa na mgongo. Kwenye simu ya video mama yake alimwambia macho yake yamechoka, naye akajibu kwamba ni jua la kufulia. Alimeza panadoli mbili akalala mapema.

*Siku ya 35, Jumanne.* Asubuhi alijisikia vizuri, wakaenda kwenye baraza la wilaya. Kiongozi wa wilaya, mmisionari Mtanzania, aliuliza habari za mgeni. Mkufunzi akasema, "Ana homa kidogo." Kiongozi akauliza, "Amepima?" Mkufunzi akacheka, "Apime homa?" Mazungumzo yakaishia hapo.

*Siku ya 36, Jumatano.* Alitetemeka usiku kucha. Panadoli nyingine. Jioni Mkufunzi alinunua dawa ya mseto ya malaria kwenye duka la dawa bila kipimo, Mgeni akameza vidonge vinne vya kwanza kwa maji matupu, akavitapika karibu pale pale. Hawakurudia dozi hiyo. Vilivyofuata, vya saa 8 baadaye, vilimkuta amelala, akaachwa apumzike.

*Siku ya 37, Alhamisi.* Saa 8 mchana mama mwenye nyumba alipita uani, akamkuta Mgeni amejikunyata kwenye kiti, amejifunika shuka. Akamwita Mkufunzi: "Mwanangu, huyu mwenzio si mchovu. Mchovu hatetemeki na jua la saa nane. Mpeleke akapime." Mkufunzi akapiga simu kwa mke wa rais wa misheni, yaani wa kiongozi wa wamisionari wote wa misheni ile; mke huyo ndiye anayefuatilia afya zao. Akaulizwa mambo matatu: joto ni kiasi gani, anaweza kunywa na kubakiza maji, na anajibu maswali sawasawa? Kipimajoto kilikuwa bado kwenye boksi lake. Kilipotolewa kikasoma 39.6. Wakaambiwa waondoke muda ule ule, kwa teksi, wasisubiri jioni.

Hospitalini

Kipimo cha haraka kilionyesha malaria, na hadubini ikathibitisha vimelea vya Plasmodium falciparum. Fahamu zilikuwa timamu na mkojo ulikuwa wa rangi ya kawaida, lakini alikuwa anatapika kila anachomeza. Kwa hiyo daktari hakumwandikia vidonge. Alianzishiwa sindano ya atesuneti ya mshipa, miligramu 2.4 kwa kila kilo. Kwa kilo 72 ni takriban miligramu 173, yaani vichupa vitatu vya miligramu 60, ikatolewa mara ya kwanza, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Sukari ya damu ilipimwa kila mara kabla hajapewa maji ya drip.

Ijumaa usiku aliweza kula uji bila kutapika. Hapo ndipo alipoanza dozi kamili ya mseto: vidonge vinne kwa mara moja, vinne vingine saa 8 baadaye, kisha vinne vinne asubuhi na jioni hadi vitimie 24 ndani ya siku tatu. Safari hii kila mara alikula kitu chenye mafuta: wali wa nazi, chapati, au kikombe cha maziwa na karanga. Lumefantrini, dawa mojawapo ya mbili zilizomo kwenye mseto, haifyonzwi vizuri tumboni bila mafuta. Kumeza kwa maji matupu, kama siku ya 36, kunaiacha nusu ya kazi.

Kwa kuwa hawaruhusiwi kuachana, jozi ya jirani iliitwa. Mmoja wao alikaa hospitalini kwa zamu na Mkufunzi, na wengine wawili wakaendelea na ahadi za eneo lile. Ubatizo uliopangwa Jumamosi ulifanyika. Mgeni alitoka hospitalini jioni hiyo hiyo.

Hesabu ya vidonge

Daktari aliomba kopo. Kufikia siku ya 37, pamoja na siku mbili za kabla ya safari, vilipaswa kuwa vimemezwa vidonge 39 na kubaki 51. Vilikutwa 70. Vidonge 19 havikumezwa, sawa na siku 19 kuanzia ile Jumapili ya mfungo. Mgeni alikiri bila kubishana. Alisema hakukusudia kuacha. Alikusudia kuanza tena siku atakayokuwa na nafuu, na nafuu ilipokuja hakutaka kuiharibu.

Tunapenda hesabu hii kuliko swali la "unameza dawa yako?" Swali linamlazimisha kijana achague kati ya aibu na uongo. Kopo halimwaibishi mtu.

Maamuzi na sababu zake

Mkufunzi si mzembe, na Mgeni si mkaidi. Kila uamuzi wao ulikuwa na sababu iliyoonekana nzuri siku ile.

Mgeni alinyamaza kwa sababu ya kanuni ya kutoachana. Mmoja akiumwa, wawili wanabaki nyumbani. Alihisi kwamba kila siku anayolala anamwibia mwenzake siku ya kazi, tena wiki ya ubatizo, na orodha ya uhamisho ilikuwa inatoka siku chache mbele. Kijana aliyeacha masomo na nyumba yake kuja kufanya kazi hii hajali sana maumivu ya kichwa. Bidii hiyo hiyo ndiyo iliyomchelewesha.

Mkufunzi alitoa panadoli kwa sababu ndiyo inayotolewa kila nyumba. Lakini panadoli iliyomezwa kabla ya kupima joto inaficha homa kwa saa kadhaa, na ndiyo maana Jumanne asubuhi wote wawili waliamini kwamba yamepita. Tena homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe. Nafuu ya asubuhi moja haithibitishi chochote.

Kununua mseto bila kupima nako kulikuwa na sababu: waliona wanawahi. Walipoteza usiku mzima kwa dozi iliyotapikwa, na kama ugonjwa ungekuwa homa ya matumbo, wangekuwa wanatibu kisichokuwepo.

Uchambuzi: neno "homa"

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu ni kosa ambalo wasemaji wa Kiswahili tunalifanya bila kujijua. Mgeni alimwambia Mkufunzi kwa Kiingereza kwamba anadhani ana "flu". Mkenya huyu akaitafsiri kwa neno la kwao: homa. Kwa Wakenya wengi, mwenye homa ana mafua, anapiga chafya, anahitaji chai ya tangawizi. Mtanzania akisikia homa anasikia joto la mwili, na swali lake la kwanza ni kipimo. Kiongozi wa wilaya aliuliza swali sahihi kabisa. Mkufunzi akalisikia kama mzaha, kwani nani anapima mafua? Siku mbili zilipotea kwenye neno moja ambalo kila mmoja alilijua vizuri.

Tangu hapo ripoti za ugonjwa katika eneo hilo haziandikwi kwa neno. Zinaandikwa kwa namba ya kipimajoto na saa iliyosomwa, kabla ya panadoli. Ikifika 37.5 au zaidi kwapani, wanapima malaria siku hiyo hiyo.

Uchambuzi: kidonge na saa yake

Doksisaiklini ni dawa nzuri, lakini inachubua umio ikikwama njiani. Inahitaji glasi nzima ya maji, chakula tumboni, na mtu abaki wima angalau nusu saa. Ratiba ya misheni ina nyakati mbili ambazo kumbukumbu ni rahisi, kuamka na kulala, na zote mbili ni mbaya: asubuhi hakuna chakula na kuna mazoezi ya sakafuni, usiku mtu analala papo hapo. Maelekezo ya daktari yalisema "pamoja na chakula". Hayakusema chakula kipi, na kijana akachagua saa anayoikumbuka.

Chakula cha mchana ndicho kinachofaa: tumbo lina kitu, maji yapo mezani, na baada yake wanatembea saa kadhaa wakiwa wima. Kuna tahadhari moja tu, kisimezwe pamoja na maziwa mengi, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia, kwani hupunguza ufyonzwaji wake. Siku ya mfungo kinahamia jioni, pamoja na mlo wa kufuturu. Mgonjwa hafungwi na mfungo, na hilo kijana aambiwe waziwazi tangu siku ya kwanza, kwa sababu vijana wa namna hii hawapendi kujipa ruhusa wenyewe.

Ngozi iliyoungua nayo ilitokana na dawa hiyo, ambayo huifanya ngozi iungue kwa jua kwa urahisi zaidi. Wenye ngozi nyeupe wanahitaji kofia pana na mafuta ya kukinga jua kwenye mikono.

Jambo jingine Mgeni hakulielewa: doksisaiklini haizuii vimelea kuingia ini. Inaviua vikitoka kwenda kwenye damu. Ndiyo maana huendelea kumezwa wiki nne baada ya kuondoka penye malaria. Aliyeacha siku ya 19 amepoteza kinga hata dhidi ya mbu waliomuuma siku zilizotangulia.

Uchambuzi: vyandarua na dawa ya mbu

Vyandarua vilikuwa vya dawa ya kudumu, aina inayotengenezwa kuhimili takriban miaka mitatu na mifuo 20. Lakini waliotangulia walivifua kwa jiki na kuvianika juani ili viwe vyeupe. Jiki na jua vyote huharibu dawa iliyomo. Cheupe kilichobaki ni wavu tu. Chandarua hufuliwa kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, kikaanikwa kivulini. Isitoshe, walikifunga juu ili upepo wa feni upite, na pindo halikuchomekwa chini ya godoro. Umeme ukikatika joto linapanda, mkono unagusa wavu, na mbu anauma akiwa nje.

Dawa ya mbu aliipaka saa 5 wakati wa kutoka. Kufikia magharibi ilikuwa imekwenda na jasho, wakati mbu wa malaria huuma tangu jua kuzama hadi alfajiri. Chupa ndogo ya mfukoni, na kupaka upya saa 12 jioni, kunatosha kurekebisha hilo. Mafuta ya jua yatangulie, dawa ya mbu juu yake.

Mkufunzi naye

Alipimwa, hakuwa na vimelea. Lakini hakuwa anatumia kinga yoyote, na sababu yake ilikuwa kwamba "sisi tumezoea". Aliyekulia kwenye baridi ya milimani hajazoea. Kinga ya mwili dhidi ya malaria hujengwa kwa kuambukizwa mara nyingi tangu utotoni, na hupungua mtu akikaa mbali nayo. Kijana wa Nyeri au Nyahururu anayeshuka pwani yuko karibu zaidi na kijana wa Utah, Marekani, kuliko na jirani yake mpya wa mtaa. Sasa anatumia kinga.

Matokeo

Mgeni alichoka kwa karibu wiki mbili. Alirudi kazini kwa nusu siku, ziara za jioni zikaachwa kwanza. Kipimo cha kufuatilia kilifanywa kwa hadubini tu, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Umio ulipewa nafasi ya kupona na daktari akambadilishia kinga kuwa atovakwoni na proguanili, kidonge kimoja kila siku pamoja na chakula cha mchana. Orodha ya uhamisho ilipotoka, wawili hao waliachwa pamoja. Kwa miezi minne iliyofuatiliwa hakuna aliyeugua malaria tena. Kila Jumatatu kila mmoja anahesabu vidonge vya mwenzake, kabla ya kupiga simu nyumbani.

Lisilotatuliwa vizuri

Ziara za jioni. Wamisionari hawa hawaingii nyumba yenye mwanamke peke yake bila mwanamume mtu mzima, na heshima ya mtaa wa pwani inataka hivyo hivyo. Kwa hiyo wanakaribishwa barazani, kwenye mkeka, viatu vimevuliwa, soksi nyembamba, mikono mifupi, tangu magharibi. Kanuni ni nzuri na hakuna aliyependekeza iondolewe. Lakini inawaweka nje saa ile ile ya mbu, na miguu ndiyo inayoumwa zaidi. Soksi nene na mikono mirefu vilijaribiwa. Joto la pwani likawafanya waviache baada ya wiki moja. Kilichosaidia kwa sehemu ni kuzihamishia nyumba hizo saa 10 alasiri, siku ambazo mama yupo nyumbani, na kuacha saa 1 na saa 2 usiku kwa nyumba zenye baba, ambako wanakaa ndani penye feni. Nyumba tatu haziwezi kuhamishwa, kwa sababu akina mama hao wanauza sokoni hadi jua lizame. Kwao wanakwenda hivyo hivyo, na chupa ya dawa inazunguka mkekani kabla ya sala ya kufungulia, mwenyeji na watoto wake wakiwa wa kwanza kupaka.